Injini Chini ya Bwawa la Nambudi

Sajenti Veridiana Nandonde alifikisha miaka thelathini na sita bila kuwahi kuzamisha kichwa chake majini. Alizaliwa juu, Newala, ambako wanawake walishuka bondeni alfajiri na kurudi na ndoo kichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali, na mtoto aliyemwaga kopo la maji alichapwa. Maji kwake yalikuwa kitu cha kuchota, kubeba na kubania. Hayakuwa kitu cha kuingia.

Lakini asubuhi ile ya Juni, mwaka tisini na sita, alisimama ukingoni mwa tangi la zamani la wamisionari kule Lulindi, amevaa nguo nyeusi ya mpira iliyombana mpaka kidevuni, na mtungi wa hewa mgongoni.

Mzee Petro, mtunza bustani, alimkagua juu mpaka chini.

"Mama, hayo maji ni ya kumwagilia kabichi. Usije ukayatia sabuni."

"Sikuja kuoga, baba."

"Sasa umekuja kufanya nini humo?"

"Kazi ya serikali."

Petro alitikisa kichwa, akaenda kwenye kabichi zake. Ndani ya tangi, maji yakimfika kifuani, Sista Lois alinyoosha mkono. Alikuwa muuguzi kutoka Mtwara, sista wa hospitali, si mtawa, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na sauti ya wodini, sauti isiyopandishwa kwa sababu haikuhitaji.

"Kanuni ni moja, Mama Wema. Usizuie pumzi. Ukiogopa, vuta na utoe. Ukisahau kila kitu nilichokwambia, hiyo usiisahau. Hewa uliyoivuta chini hutanuka unapopanda, na ukiifungia itakupasua mapafu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi njoo."

Veridiana alishuka ngazi ya kwanza. Maji yalikuwa ya baridi kama kisu.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Chini ya mteremko wa Newala, katika bonde la Nambudi, palikuwa na bwawa, na kando ya bwawa nyumba ya pampu. Injini ya dizeli ya pampu hiyo ilikuwa ikisukuma maji hadi kwenye vijiji vinne vya juu. Serikali ilipojitoa katika kuendesha mitambo, vijiji viliunda kamati yao, vikamweka mwendeshaji wao, Bwanali, na kwa miaka mitatu maji yalipanda. Kisha asubuhi ya Ijumaa moja mwezi Februari injini haikuwapo. Nati zilikuwa zimefunguliwa kwa ustadi, mlango haukuvunjwa, na funguo alikuwa nazo Bwanali. Mlinzi wa pampu, Abdulrazaki, alieleza kwamba usiku wa Alhamisi aliona pikapu nyeupe ikipanda barabara ya Newala na injini nyuma, na Bwanali amekaa mbele. Mpelelezi wa kwanza aliandika hayo, akamweka Bwanali mahabusu, na wiki iliyofuata akahamishwa kwenda mkoa mwingine. Jalada likalala mpaka Mei, kisha likamwangukia Veridiana.

Alilisoma mara tatu. Mara ya tatu alichukua baiskeli, akashuka barabara ile mwenyewe.

Katikati ya mteremko palikuwa na kona nyembamba, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine shimo. Hapo aliuza vitumbua mwanamke mtu mzima aliyeitwa Bimdogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, upumzike."

Veridiana alikaa, akala vitumbua viwili kabla ya kuuliza chochote. Kisha akauliza kuhusu Februari.

"Siku zile za mvua?" Bimdogo alicheka. "Sizisahau. Lori la mbao lilikwama hapa hapa, limekaa kikingamo kama ng'ombe aliyelala njiani. Alhamisi baada ya adhuhuri mpaka Jumamosi asubuhi. Wale vijana wake niliwapikia mimi siku zote hizo."

"Una uhakika ilikuwa Alhamisi?"

"Si ndiyo siku niliyotoka kuzika kule Mkunya? Narudi, nakuta lori."

"Hakuna gari lililopita pembeni?"

"Pembeni wapi, mwanangu? Huku ukuta, huku shimo. Hata baiskeli watu waliibeba begani."

"Na chini bondeni, kulikuwa na gari?"

"Lilikuwapo la maji. La Shamte. Lilinipita Alhamisi asubuhi nikienda mazikoni, linashuka kuchota, likafungiwa huko huko. Jumamosi lilipiga honi mpaka masikio yakauma."

Veridiana aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka, akamsomea, Bimdogo akaweka dole gumba. Pikapu nyeupe haikupanda, kwa kuwa hakuna gari lililopanda. Na gari pekee lililokuwa bondeni usiku ule lilikuwa la mtu ambaye, tangu pampu isimame, aliuza maji ndoo kwa ndoo katika vijiji vinne.

Veridiana alimkuta Shamte huko Masasi, katika yadi yake nyuma ya soko. Alikuwa mtu mkarimu. Alimpangusia kiti kwa leso yake mwenyewe, akaagiza soda.

"Siku hizi mambo ni ruksa, afande," alisema. "Malori haya yalikuwa ya shirika, yamekaa juu ya mawe yanaota majani. Nikayanunua mnadani, nikayafufua. Wananchi wanapata maji, mimi napata riziki. Kosa liko wapi?"

"Hakuna kosa. Tarehe nane Februari gari la maji lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa gereji. Wiki nzima."

"Gereji ya nani?"

"Hii hii yangu. Muulize yeyote hapa."

Waliokuwa pale wote walikula kwake. Veridiana hakuwauliza. Alizunguka gari polepole, akasimama mbele, penye ndoano ya kuvutia. Hapo palikuwa na kamba mpya ya nailoni, na juu ya rangi ya bampa mikwaruzo ya kutu, mistari ya mnyororo uliokaa hapo miaka.

"Mnyororo umekwenda wapi?"

"Ulikatika. Chuma kinachoka kama mtu."

"Lini?"

"Aa, afande. Nani anaandika tarehe ya mnyororo?"

Alimshukuru kwa soda, akaondoka. Siku ya pili alikuwa mbele ya meza ya Inspekta Halfani, mkuu wake wa upelelezi pale Newala.

"Kwa hiyo injini iko majini," alisema Halfani.

"Nasema haikupanda, afande. Upande wa pili wa bonde ni njia za miguu tu, na chuma cha kilo mia tatu hakibebwi begani. Vichaka tumevipekua mara mbili. Yamebaki maji. Tulijaribu kuvuta kwa ndoano, inanasa kwenye visiki."

"Wazamiaji wa polisi?"

"Dar es Salaam wamejibu. Labda Septemba. Lakini Mtwara kuna klabu. Watu wanane, wana kazi zao, siku za mapumziko wanazamia na kumfundisha anayetaka. Hawalipwi. Nimezungumza nao kwa simu. Watakuja."

Halfani aligonga kalamu mezani. "Shamte ana wakili mzuri. Raia wakishuka peke yao wakarudi na injini, wakili atasema wameiweka jana. Nataka ofisa wangu aione pale ilipolala, aichore, aifunge lebo kwa mkono wake."

"Hatuna ofisa anayejua kuzamia, afande."

"Tafuta anayeweza kujifunza. Kesi inatajwa tarehe ishirini na nne. Una siku kumi na moja."

Veridiana aligeuka kuangalia nyuma yake. Ofisini walikuwa wawili tu.

Siku ya kwanza tangini alijifunza kupumua. Lilikuwa jambo la ajabu kujifunza upya kitu alichokifanya tangu tumboni mwa mama yake. Alipiga magoti chini ya maji, kipande cha mpira kinywani, akasikia hewa ikiingia kwa mluzi na kutoka kwa kishindo cha mapovu. Sista Lois alipiga magoti mbele yake, akimhesabia pumzi kwa vidole. Siku ya pili alijifunza kubana pua na kusukuma hewa masikioni kila anaposhuka, vinginevyo masikio yanauma kama yanachomwa kwa sindano.

Siku ya tatu alishindwa.

Zoezi lilikuwa kujaza maji ndani ya miwani, kisha kuyatoa kwa kupuliza kwa pua. Maji yalipofika machoni, kila kitu alichofundishwa kikamtoka. Alitema kipande cha mdomoni, akachupa juu, akaparamia ukingo wa tangi, akitapika maji ya kabichi. Mzee Petro alikimbia na taulo.

"Sitaweza," alisema Veridiana. "Mwambieni Inspekta atafute mtu mwingine. Mimi ni mtu wa ndoo."

Dickson, fundi wa klabu aliyeshughulika na mashine ya kujazia hewa, alitazama pembeni kwa heshima. Sista Lois alitoka majini, akaketi kando yake, miguu ikining'inia tangini. Hakumbembeleza wala hakumkaripia. Alimenya chungwa, akampa nusu.

"Mtu akiletwa kwako anatetemeka," aliuliza, "hata jina lake limempotea, unamfanyaje?"

"Namwacha apumue. Namuuliza maswali madogo. Jina. Kijiji. Baba yako nani. Kubwa naliacha mwisho."

"Kwa nini?"

"Akijibu dogo, anakumbuka kwamba anaweza kujibu."

"Haya. Leo mtuhumiwa ni wewe."

Walimaliza chungwa. Veridiana alirudi majini. Maji yalipojaa machoni alijiuliza: jina? Veridiana. Cheo? Sajenti. Kijiji? Akavuta pumzi. Mtoto wako? Wema, darasa la sita, hapendi hesabu. Akapuliza kwa pua, na maji yakashuka kama pazia, na mbele yake akauona uso wa Sista Lois ukitabasamu nyuma ya kioo.

Kuanzia hapo Dickson alichukua zamu. Alikuwa ametembea gereji za Masasi na Ndanda akakusanya vipande vya injini mbovu, akavizamisha tangini, kisha akaziba miwani ya Veridiana kwa plasta nyeusi.

"Bwawani hutaona zaidi ya urefu wa mkono," alisema. "Kwa hiyo macho yako yawe vidoleni. Hili ni nini?"

Alipapasa. Akapanda juu. "Puli ya mkanda."

"Na hili?"

"Pampu ya dizeli."

"Na hili?"

"Hilo ni sufuria, Dickson."

"Umefaulu," alisema Dickson kwa uso mkavu. "Wengine huliita tangi la mafuta."

Jioni alikuwa akirudi kwa baiskeli, masikio yakiwa mazito, akiwaza watu hawa wawili. Sista Lois alikuwa ametumia likizo yake ya mwaka mzima. Dickson alifunga karakana. Walilala kwenye mikeka darasani, wakala ugali wa watawa, na wala hakuna aliyewaahidi kitu. Alitafuta namna ya kuwashukuru, akakosa. Kila alipoanza, Sista Lois alimwuliza kama amekwisha kuosha kipande chake cha mdomoni.

Ijumaa tarehe ishirini na moja walikuwa Nambudi. Habari ilikwisha kutangulia, na tuta la bwawa lilijaa wanawake waliokuja na ndoo zao. Mbele kabisa alisimama Esha, mke wa Bwanali, amejifunga kanga mbili kwa baridi ya Juni. Mlangoni pa nyumba ya pampu iliyokuwa tupu alikaa mlinzi Abdulrazaki, bado akilinda.

Veridiana alimwendea kwanza yeye, kabla ya kuvaa mtungi, na daftari mkononi.

"Abdulrazaki, nakusomea maelezo yako ya Februari. Ukitaka kubadili neno, sema."

Alisoma. Abdulrazaki alitazama chini.

"Pikapu ilikuwa nyeupe?"

"Nyeupe."

"Ikapanda barabara?"

"Ikapanda."

"Ikafika juu?"

"Mimi nilisikia ngurumo tu, afande, ikipanda mpaka ikapotea."

"Unasimama na hayo?"

"Nasimama nayo."

"Tia sahihi."

Alitia. Veridiana alikunja daftari, akaenda kuvaa mtungi.

Walianza karibu na nyumba ya pampu. Dickson alishika kamba juu. Mvuto mmoja maana yake salama, mivuto mitatu maana yake vuteni. Veridiana na Sista Lois walishuka wameshikana mikono. Mita mbili chini mwanga ulikuwa wa kijani, mita nne ulikuwa wa kahawia, na chini kabisa hapakuwa na mwanga bali tope laini lililoinuka kama moshi kila alipoligusa. Visiki vya miti iliyozama vilimpapasa tumboni. Jina? Veridiana. Cheo? Vuta, toa.

Dakika ya kumi na tano mkono wake uligonga chuma. Akapapasa: duara, ekseli, pembe ya bati. Alipapasa tena, polepole, kama alivyofundishwa. Lilikuwa toroli la saruji, labda la waliojenga tuta miaka ya nyuma. Sista Lois alionyesha saa ya hewa. Wakapanda.

Juu tutani mnong'ono ulipita. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba serikali imekuja kuogelea. Esha aliwapita. Alileta chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati, akamshikisha Veridiana kwa mikono miwili, kwa maana vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

Alikunywa akiwaza. Alikuwa ametafuta mahali ambapo injini ilitolewa. Hilo lilikuwa kosa. Mtu mwenye watu wachache waliochoka, kwenye mvua, akiwa na chuma cha kilo mia tatu na barabara imefungwa, hakibebi. Analiachia gari libebe. Gari la maji husimama wapi kuchota, matairi yasizame? Aliangaza macho kando ya tuta. Mkono wa kushoto, hatua themanini kutoka kwenye pampu, palipangwa mawe bapa, safu mbili, upana wa gari.

"Sista," alisema, "hewa ya kushuka mara nyingine ipo?"

"Mitungi miwili. Wewe upo?"

"Mimi nipo."

Safari hii walishukia penye mawe. Maji yalikuwa ya mita saba, meusi tii. Hakutambaa hata dakika tano. Kitu kilimgusa bega, nacho hakikuwa kisiki. Kilikuwa baridi, kimenyooka, kina pembe. Aliweka viganja vyote viwili juu yake. Puli ya mkanda, spoki sita. Pampu ya dizeli. Hapa chini, miguu minne yenye matundu ya boliti. Na ubavuni, bamba dogo la shaba. Alilisugua tope kwa dole gumba, Sista Lois akaweka tochi karibu mpaka ikagusa, na Veridiana akabana kioo cha miwani kwenye bamba. Namba ilikuwa ile ile. Aliijua kwa moyo kuliko namba yake ya kipolisi.

Hakupiga kelele, majini mtu hapigi kelele. Alivuta, akatoa. Kisha akafanya kazi. Kwa penseli, juu ya kibao cheupe alichofungiwa kwenye kifundo cha mkono, alichora injini ilivyolala kiubavu, akaandika kina, saa na upande inakoelekea. Akafunga lebo ya kielelezo kwa waya, akasokota mara nne. Ndipo mkono wake ukakuta mnyororo uliozungushwa miguuni mwa injini na kubanwa chini ya uzito wake. Aliufuata pingili kwa pingili mpaka kwenye ncha, na njiani akakuta pingili moja nene kuliko nyingine, yenye mikunjo mikunjo. Ilikuwa nondo ya ujenzi, iliyokunjwa na kuchomelewa.

Sista Lois alimbana mkono. Veridiana akambana naye, akauacha mkono wake humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ilichukua saa tatu kuipandisha. Dickson alizamisha mapipa manne matupu, akayafunga kwenye injini, akayajaza hewa kutoka mtungini, na mapipa yakainuka yenyewe, yakaichomoa kwenye tope. Wanaume ishirini walivuta kamba. Injini ilipotokeza, nyeusi, inachuruzika, hakuna aliyeshangilia. Wanawake waliiangalia kama mtu aliyerudi kutoka safari ambayo watu hawarudi.

Abdulrazaki alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani.

"Uliniambia ilipanda," alisema Veridiana.

"Nilikwambia."

"Hii ni nini?"

Aliitazama injini inayochuruzika. "Nati nilifungua mimi. Funguo na spana nilivichukua kwa Bwanali akiwa anakula, nikavirudisha usiku ule ule. Shamte alisema wataipakia, waende nayo. Tukaambiwa barabara imefungwa. Akasema basi isukumwe majini. Mnyororo wa gari, tulioiburutia mpaka kwenye mawe, ukabanwa chini yake, wakaukata kule kwenye bampa." Alipangusa pua kwa mkono. "Aliniahidi utingo wa lori. Alisema Bwanali atakaa ndani wiki moja, kamati itamwombea. Wiki moja, afande."

"Imekuwa miezi minne."

"Najua. Nimeihesabu."

Esha alikuwa amesogea bila mtu kumwona. Veridiana alijiweka katikati, akidhani atapiga. Esha hakuinua mkono.

"Kila asubuhi nimekusalimia, shemeji," alisema. "Nimekuletea na muhogo. Ungeniambia mimi tu."

Abdulrazaki aliinamisha uso magotini, akalia kwa sauti, na Veridiana alimsubiri amalize kabla ya kuchukua maelezo mapya.

Jumamosi, mchomeleaji wa sokoni Masasi aliyeitwa Godwin aliitazama pingili ile mara moja tu.

"Hii yangu. Shamte alikataa kununua pingili, akasema weka nondo. Nilimwambia itaaibisha mnyororo."

Saa nne Veridiana alikuwa yadini. Safari hii hakuna aliyepangusa kiti.

"Gari lilikuwa gereji, ulisema."

"Nilisema, na narudia."

"Bimdogo alilisikia honi bondeni. Abdulrazaki amesema alikuwa nalo. Godwin ameitambua pingili aliyokuchomelea."

"Bibi wa vitumbua, mlinzi mwizi na fundi wa sokoni." Shamte alitabasamu. "Na wale waogeleaji wa Mtwara. Wakili wangu atawauliza swali moja: hiyo injini, nani wa polisi aliiona huko chini kabla haijaguswa?"

"Niliiona mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Mita saba, imelala kiubavu, puli inatazama tuta. Nimeichora."

Shamte, naye mzaliwa wa Newala, alimtazama kama mtu wa kule anavyomtazama mwenzake anayesema ameingia majini kwa hiari yake. Tabasamu lilimtoka kidogo kidogo. Kisha akaomba aruhusiwe kumwita mke wake amletee koti la kulalia mahabusu.

Jumatatu mwendesha mashtaka aliondoa shtaka dhidi ya Bwanali kabla hata ya saa tano. Bwanali alitoka amekonda, shati likimpwaya, akikohoa. Esha alimshika mkono wa kulia, na Bwanali akamgeukia Veridiana.

"Afande, injini mmeimwagia mafuta? Ikitoka majini ikakaa hewani, kutu inaila siku moja."

"Dickson ameifungua siku ile ile. Kila kipande kimo ndani ya dizeli. Hakimu ameruhusu irudishwe tukishaipiga picha."

"Huyo Dickson ni nani?"

"Twende ukamwone."

Waliwakuta Lulindi wakifunga mizigo. Nyuma yao walikuja wanawake wa vijiji vinne, na korosho, na mayai kwenye majani, na jogoo wawili waliofungwa miguu. Sista Lois alipoona akaweka mikono mbele.

"Jamani, sisi hatupokei malipo. Ndiyo sheria ya klabu."

"Nani kasema malipo?" aliuliza Esha. "Hiki ni chakula cha njiani. Kwetu mtu haondoki mikono mitupu, labda kama mmegombana."

Bwanali alimpa mkono Dickson, kisha Sista Lois, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akaenda kumsaidia Dickson kufunga mapipa.

Veridiana alisimama kando ya muuguzi. Safari hii hakukubali kuulizwa habari za kuosha vifaa.

"Sista, mmeniacha na deni la shukrani nisilojua pa kuliweka. Mnafanya hivi kwa nini?"

Sista Lois alimtazama Bwanali akivuta kamba, akikohoa, akicheka kitu alichoambiwa na Dickson.

"Mume wangu alizama na chombo pale bandarini," alisema. "Mita kumi na mbili tu. Tulisimama ufukweni siku tisa tukitazama maji, hakuna aliyejua kushuka kumchukua. Mhandisi mmoja mgeni alipokuja mwaka ule tulimwomba atufundishe. Tulianza wanne. Tangu hapo, mtu akizama, sisi ndio tunaoitwa. Miaka minane, Mama Wema. Tumetoa watu kumi na tisa. Familia hutushukuru huku zinalia, na sisi tunarudi nyumbani kimya."

Alipangusa jicho kwa mgongo wa mkono, bila kuficha.

"Huyu ni wa ishirini. Wa kwanza kunishika mkono. Basi usinitafutie mimi shukrani. Nimekuja kuzichukua hapa kwenu, na ninaondoka nazo."

Kisha akawapokea jogoo, mmoja kila mkono, vichwa chini, akapanda nao mbele ya gari.